Eti Binti Yangu Ni Mraibu wa Soda!

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi mwandiko, maana naandika nikiwa na hasira na vidole vina mafuta ya nywele, lakini nisipoandika leo nitapasuka. Safu yako tunaisoma hapa saluni kila Alhamisi, aliye chini ya draya anasoma kwa sauti na sisi wengine tunatoa hukumu, na mimi ndiye huwa wa kwanza kusema "huyu naye kajitakia mwenyewe". Sasa zamu yangu imefika, na nataka unijibu swali moja tu bila kuzungukazunguka: hivi kweli mtoto anaweza kuwa mraibu wa soda? Soda, mshauri, hii hii ya chupa, inayonywewa kwenye sherehe na kwenye misiba, ambayo hata mtu akilazwa hospitali watu wanampelekea na kumfungulia wenyewe.

Mimi ni msusi, mwaka wa kumi na mbili huu, saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, viti viwili vya kusukia, benchi la wanaosubiri, draya moja, na binti yangu wa miaka kumi na mitano ambaye ndiye mkono wangu wa kulia. Wateja wanamwita Mistari kwa sababu njia anazogawa kichwani zimenyooka utadhani kapiga rula, na wapo wanaofika hapa na kuuliza kwanza kama Mistari yupo, wakiambiwa hayupo wanasema watarudi, hata haya hawanionei mimi niliyemfundisha. Akitoka shule saa nane anavua sare, anafunga aproni, anasimama upande wa kushoto wa kichwa na mimi wa kulia, na jioni tunakutana katikati ya utosi. Nayasema haya ujue kwamba huyu si mtoto aliyekosa malezi, yuko chini ya macho yangu tangu anapotoka darasani, hana muda wa kuzurura, hana muda hata wa kugombana na mtu.

Soda ililetwa hapa na wakala, miaka miwili iliyopita, kijana mmoja mwenye maneno matamu na viatu vya kung'aa, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti saluni yangu ina hadhi, eti mteja wa hadhi hakai saa sita bila kukaribishwa kinywaji baridi. Akaniletea friji mpya yenye mlango wa kioo na taa ndani, bure, kwa masharti mawili tu, isimame mlangoni inatazama barabara, na isiwekwe kitu kingine ila soda zao, hata chupa ya maji ya kunywa hairuhusiwi, na kila baada ya wiki mbili anapita kukagua. Nikakubali, nani angekataa? Saluni ya jirani walinuna wiki nzima.

Na hapa kwangu kuna sheria, nayo ni sheria ya kazi wala si roho mbaya: msusi akishaanza kichwa hali chakula mpaka kiishe. Huwezi kula ukarudi kwenye nywele za mtu, zitanuka kitunguu, na mteja mmoja akinuka kitunguu mtaa mzima utajua alikosukwa. Kwa hiyo tunakunywa tu. Binti akianza kulegea namfungulia soda nyeusi, natia mrija, namshikia mdomoni huku vidole vyake vinaendelea kusuka, anavuta mafunda matatu manne, anachangamka, kazi inakwenda. Wateja walikuwa wanaona raha, wanasema tazameni mama anavyomdekeza mwanawe.

Mwanzo ilikuwa chupa moja kwa siku, ikawa mbili, mwaka huu zimefika nne, na hizo ni za hapa nyumbani, kumbe na shuleni nako kila mapumziko ana kopo la kile kinywaji cha kuongeza nguvu, wanauziwa kwenye kibanda nje ya geti, na mwalimu akipita wanalificha nyuma ya mgongo kama wavuta sigara. Asipopata, kichwa kinamuuma, anajibu watu kwa mkato, mikono inamtetemeka mpaka njia zinapinda, Mistari huyo huyo! Juzi mteja mmoja alijitazama kwenye kioo akauliza kama leo tumemchorea barabara ya mlimani. Meno ya mbele yameanza kufanya madoa. Nikinunua tunda linaozea kwenye sahani, chakula cha jioni anakidonoadonoa tu, lakini akisikia kizibo kinafunguliwa chumba cha pili anageuza shingo.

Usiseme sikuchukua hatua. Nilinunua kufuli, nikaifunga friji, ufunguo nikauvaa shingoni, wateja wakawa wananiuliza kama nimekuwa askari magereza. Halafu nikaona nitumie akili badala ya nguvu, nikamwambia, "Mwanangu, ukikaa mwezi mzima bila soda, nakununulia zawadi." Akaniuliza zawadi gani, na mimi kwa kutaka kumtia moyo nikasema, "Kreti nzima ya soda, yako peke yako, na hakuna atakayekuuliza." Akaahidi. Siku ya kwanza ilipita, ya pili akalala kwenye benchi na taulo usoni anasema kichwa kinapasuka, ya tatu hivyo hivyo, na siku hiyo nilikuwa na bibi arusi na wasimamizi wake wanne, vichwa vitano, mshauri, peke yangu! Nikajua anategea kazi. Nikamwambia inuka, nikamfungulia moja ya kumsimamisha, akanywa, akasimama, tukamaliza. Sasa hapo kosa langu liko wapi?

Baada ya hapo ndipo akaanza ujanja. Jumanne ya wiki iliyopita alikuja mteja wangu wa miaka mingi, ni muuguzi, mtu mzima mwenye heshima zake, kamaliza zamu hospitalini, kachoka, kakaa, tukaanza kusuka. Nikamtolea soda ile nyeusi anayoipenda. Akafungua kizibo, hakikulia. Akanywa, akaitoa mdomoni akaitazama, akasema, "Dada, hii ni chai." Nikadhani anatania. Nikaonja. Mshauri, ilikuwa chai ya rangi, imepoa, na hata sukari haikutiwa! Nikaenda kwenye friji nikafungua nyingine, chai. Nyingine, chai. Safu nzima ya nyuma ilikuwa chai, mwanangu alikuwa amenivizia ufunguo nikioga, akafungua chupa taratibu vizibo visipinde, akanywa soda, akajaza chai, akavigongea vizibo kwa mpini wa brashi yangu. Benchi zima likaangua kicheko. Mwingine anasema afadhali ungetia na tangawizi. Nimejenga jina miaka kumi na miwili, na siku moja nikageuka muuza chai baridi.

Nikamgeukia, nikamuuliza mbele yao wote, "Umekosa nini humu ndani mpaka uniaibishe hivi?" Wala hakulia. Akasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kila anayeingia hapa, mama, unamuuliza atakunywa nini. Mimi hujawahi kuniuliza nimekula nini." Nikampiga kofi. Mkono ulikuwa na mafuta, ukaacha alama ya vidole vyote shavuni. Mtoto wa kunijibu hivyo mbele ya wateja, wewe ungefanyaje?

Hapo ndipo muuguzi akasimama na nusu kichwa, upande wangu umesukwa na upande wa binti uko wazi, akasema, "Usimpige huyu mtoto. Huyu ana uraibu, na uraibu hautibiwi kwa makofi." Uraibu! Mbele ya benchi! Nikamwambia uraibu ni wa walevi na wavuta bangi wanaolala mitaroni, mwanangu hajawahi kulala mtaroni, na kama hospitali imekosa wagonjwa asije kuwatafuta kwenye saluni yangu. Akafunga kitambaa juu ya hicho kichwa chake nusu, akatoka. Na unajua binti alifanya nini? Kesho yake, alipotoka shule, hakuja nyumbani, alikwenda kwa huyo muuguzi kummalizia kichwa! Msaliti kabisa! Nimekuja kuambiwa na jirani, tena kwa kunicheka, kwamba alipokelewa, akakalishwa mezani, akala sahani mbili, ndipo akasuka, na wala hakuulizia soda. Kwangu anadonoa, kwa watu anafuta sahani.

Tangu siku ile haniongeleshi. Anasuka, anaosha vichana, anafagia, anapita pembeni yangu kama anayepita pembeni ya nguzo. Kaka yangu, anayeendesha pikapu ya kubeba saruji, amesikia, akasema mchelea mwana kulia hulia yeye, Jumamosi hii anakuja kumchukua akakae kwake mbali huko, atahamishiwa shule, hakuna friji wala kibanda, atanyooka. Nimekubali. Binti amekwisha kufunga begi lake, hajauliza hata kwa nini. Lakini jana nilipokuwa nagawa njia upande wake, maana sasa nasimama pande zote mbili, njia ilinipinda, nikashindwa kuendelea, nikamwambia mteja nimeingiwa na kitu jichoni.

Kwa hiyo nijibu. Kama soda ina uraibu, sema ndiyo, nimpeleke kwa mjomba wake nikijua namtibu. Kama haina, sema hapana, na huyo muuguzi nitataka aje aniombe radhi mbele ya watu wale wale alionivua nguo mbele yao. Na usiniambie ninyamaze, nimenyamaza vya kutosha.

Ni mimi,
Msusi Niliyedhalilishwa


MSHAURI ANAJIBU

Msusi,

Hasira yako nimeisikia mpaka huku gazetini. Sasa sikiliza yangu. Nimeomba jibu lako liruke foleni likufikie kabla ya Jumamosi, kwa hiyo lisome peke yako kwanza. Leo usimpe aliye chini ya draya.

Umetaka ndiyo au hapana. Nilimpigia daktari wa watoto ninayemwamini ili nisikujibu kwa kubahatisha. Anasema wataalamu bado wanabishana kama kupenda sukari peke yake kunastahili kuitwa uraibu, wapo wanaosema ndiyo na wapo wanaosema neno hilo ni zito mno. Lakini soda nyeusi uliyokuwa ukimpa, na makopo yale ya kuongeza nguvu, yana kafeini, na kuhusu kafeini hakuna ubishi mkubwa: mwili huizoea, na ikikatwa ghafla kichwa huuma, hasira huwa karibu, uchovu humlaza mtu mchana kweupe. Siku ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Kisha, kwa wengi, hali hutulia ndani ya wiki moja hivi. Mtoto aliyelala kwenye benchi na taulo usoni hakuwa anategea kazi. Alikuwa anaacha soda. Alikuwa katikati ya vita uliyomtuma wewe, bado siku chache tu ashinde, na ukaja kumfungulia chupa kwa sababu ya vichwa vitano vya arusi.

Umeuliza hapo kosa lako liko wapi. Ni hapo hapo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: liite uraibu, liite mazoea, liite jina utakalo, soda imemshika binti yako, na vijana hushikwa upesi kuliko sisi. Mtu anayevizia ufunguo mama yake akioga hafanyi hivyo kwa kiu. Muuguzi hakukutukana. Alikosea jambo moja tu, kulisema mbele ya benchi zima, na kwa hilo pia nitamsamehe, maana alilisema wakati mkono wako bado uko hewani. Kuomba radhi kunakuhusu wewe. Na uende kwake, usimsubiri aje.

Umenisimulia kwa urefu kuhusu wakala, kibanda, muuguzi, jirani anayecheka, mtoto msaliti. Nyani haoni kundule. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta sentensi moja tu, inayosema binti akitoka shule saa nane anakula. Sikuiona. Anavua sare, anafunga aproni, anasimama. Tangu chai ya asubuhi, kama aliinywa, mpaka mnakutana huko utosini jioni, tumboni mwake kuna maji ya sukari uliyomshikia wewe mwenyewe mdomoni ili vidole visisimame. Hukumdekeza, msusi. Ulimtilia mafuta kama mashine. Wateja wakaona raha, na wewe ukafurahia kuonwa.

Halafu jioni unashangaa kwa nini anadonoa! Tumbo lililojazwa chupa nne litapata wapi nafasi ya chakula? Na unashangaa kwa nini alifuta sahani mbili kwa mtu mwingine. Huko alipofika aliambiwa kaa ule kwanza, kichwa kitasubiri. Muuguzi alikaa na nusu kichwa siku nzima, kafunga kitambaa kazini, na bado alimtanguliza mtoto mezani. Wewe ungesubiri? Jijibu mwenyewe, mimi sitaki kujua.

Kuhusu ile zawadi ya kreti, niliisoma nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika upya. Mlevi akiacha pombe mwezi mzima humpongezi kwa pipa. Ulijua kabisa hakuna kitu kingine mtoto huyu angekitaka, ndiyo maana uliahidi kile. Moyoni mwako ulikwisha kukubali kuwa amenaswa, kabla muuguzi hajafungua mdomo. Kilichokuuma ni kwamba alilitaja.

Na msinielewe vibaya, ninyi wengine mnaosoma, hasira zangu si za msusi peke yake. Huyo wakala wa viatu vya kung'aa nina ya kwake pia. Mtu anakuletea friji bure, anaisimamisha ndani ya nyumba yako, umeme unalipa wewe, nafasi umetoa wewe, kisha anakukataza kuweka humo chupa ya maji ya mwanao! Na kibanda kinachouza makopo yale kwa watoto wenye sare nje ya geti la shule, wakati hata makopo mengine yenyewe yana maandishi madogo kwamba si kwa watoto, na mwalimu anapita anaona migongo imefichwa anaendelea na safari yake. Watu wazima wote hawa wanapishana kwenye mlango mmoja, na anayepigwa kofi ni wa miaka kumi na mitano. Ninachukizwa.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii.

Kaka yako mpigie leo. Mwambie aje Jumamosi na pikapu yake kama alivyopanga, lakini atakachobeba ni friji, airudishe kwa wakala, na begi la mtoto lifunguliwe kabla hajafika. Ukimpeleka binti huko mbali atajifunza jambo moja tu, kwamba alisema ukweli mara moja na akafukuzwa nyumbani kwa sababu ya ukweli huo. Hatakuambia ukweli tena, hata siku atakapokuwa na shida kubwa kuliko soda, na siku hiyo inaweza kuja. Hili ndilo ninalolihofia, wala si meno.

Ingawa meno nayo yana daktari wake, mpeleke. Na mpeleke akapimwe sukari ya damu, asubuhi moja tu, kabla ya shule, umsindikize mwenyewe. Usimtishe kwa hilo. Mwambie unataka kujua hali yake.

Makopo ya kuongeza nguvu yakatwe kabisa, hayo si ya umri wake. Nenda kwa mwalimu mkuu, na nenda na wazazi wenzako, hasira uliyonayo itakufaa huko kuliko hapa. Soda msiikate kwa siku moja: kutoka nne ziende tatu, siku chache baadaye mbili, kisha moja, kisha mkae bila. Ukubaliane naye yeye ratiba hiyo, aiandike kwa mkono wake. Kichwa kikimuuma apumzike, anywe maji, na wewe uvumilie mdomo wake mkali kwa wiki moja, maana yeye amevumilia wako kwa muda mrefu. Usimletee juisi ya boksi ukadhani umepata dawa, sukari ni ile ile imebadilisha nguo. Na wewe uache kunywa mbele yake. Wateja wakaribishe maji. Anayetaka soda ana miguu, duka liko nje.

Ufunguo vua shingoni. Nyumba haina mwizi, ina mtoto mwenye njaa.

Sheria yako ya kutokula ukiwa na kichwa mkononi ni nzuri, sitaigusa, nami sipendi nywele zangu zinuke kitunguu. Lakini sheria hiyo inahusu msusi aliyekwisha kuanza. Akitoka shule bado hajaanza. Akae, ale sahani iliyojaa, afanye kazi zake za shule, kisha akitaka, nimesema akitaka, aje akusaidie saa moja au mbili. Vichwa vitano kwa siku ukishindwa, chukua vitatu. Au ajiri mtu. Mteja atakayekwenda kwa jirani kwa sababu Mistari yuko mezani anakula, mwache aende.

Na wewe binti, najua gazeti hili litakufikia, saluni haina siri. Ulichosema mbele ya wateja kilikuwa kweli. Ulichofanya kwenye chupa kilikuwa wizi na uongo, na muuguzi aliyechoka angeweza kunywa kitu kibaya kuliko chai. Mwombe mama yako radhi kwa hilo, na kwa hilo tu. Wakati wa kuacha utapata siku mbaya, pengine utarudia chupa moja kwa kificho. Ukirudia, sema, kisha endelea na ratiba. Kuanguka siku moja si kurudi mwanzo.

Narudi kwako, msusi. Umeniandikia vichwa vingi katika barua hii, cha muuguzi, cha bibi arusi, vya wasimamizi wanne, hata cha aliyeona barabara ya mlimani kwenye kioo. Kuna kimoja hukukitaja. Mara ya mwisho ulimsuka binti yako lini?

Jumamosi, pikapu ikishaondoka, bandika karatasi mlangoni kwamba leo mmefunga. Atakayegonga, agonge. Mpikie, mle pamoja mkiwa mmekaa, kisha umkalishe kwenye kiti cha wateja, umfunge kile kitambaa shingoni, umuulize anataka mtindo gani. Asipojibu, mchane tu taratibu, mpaka ajibu au asijibu. Mtakaa hapo mpaka jioni, naye hataweza kukukwepa, nawe hutaweza kumpiga, mikono yako itakuwa na kazi. Nyuma ya kichwa cha mtu ni pahali pazuri pa kusemea jambo zito, wewe mwenyewe unajua ni wateja wangapi wamekuambia ya ndani yao bila kukutazama. Safari hii wa kusema ni wewe. Mwambie kofi lile lilikuwa kosa. Mwambie alikuwa na njaa na hukuona. Huna haja ya kumtazama usoni ikiwa inakushinda, lakini umalize kusema kabla hujamaliza kusuka.